Biskuti za Krismasi na mapambo ya kutunza miaka, kwa sisi wa joto la Dom

Kama na we ni wale wanaosubiri tarehe 20 Desemba ndo waanze kukimbizana na unga wa biskuti na mapambo ya mti, kwa hapa Dodoma utakua umechelewa, na wala sio kwa sababu ya msongamano sokoni, ni hali ya hewa tu. Mapambo ya unga wa chumvi yanataka hewa kavu na jua, na hivyo vyote tunavyo Oktoba na Novemba, kile kipindi bati linalia lenyewe mchana kwa joto na nguo umeanika saa nne, saa sita unaanua. Desemba mvua zikishashika, chochote chenye chumvi kinanyonya unyevu kinakua laini laini. Biskuti zenyewe ndo kinyume chake, joto lilelile linalokausha mapambo linayeyusha siagi hata hujamaliza kukata nyota mbili. Kwaiyo mpango ni huu: mapambo yafanyike mchana, Oktoba au Novemba, biskuti zifanyike usiku au alfajiri wiki ya Krismasi yenyewe. Jua tulitumie kwenye mapambo, tulikimbie kwenye biskuti.

Tuanze na mapambo maana ndo yanatangulia.

Vipimo ni rahisi hata mtoto anavishika, unga wa ngano vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja, maji kuanzia robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima kutegemea na unga wako. Tumia kikombe kilekile kwa vyote basi, kiwe kikubwa kiwe kidogo haijalishi. Unga chukua ule wa kawaida wa bei nafuu, sio ule ambao tayari umechanganywa beking pauda kiwandani, ule utaumuka na nyota yako itakua andazi. Chumvi ya mawe kama ndo uliyonayo itwange kwanza iwe laini, la sivyo utaona chenga zinatokeza juu na pambo likikauka linakua na vidoti vinavyomeguka. Mafuta usiweke hata tone. Maji mimina kidogo kidogo, kanda dakika kama kumi mpaka unga uwe mgumu kuliko wa chapati, ukiubonyeza kidole unabaki na alama na haugandi mkononi. Ukiona unapasuka pembeni ongeza maji kwa kuchovya vidole tu, sio kumimina tena.

Sukuma kwenye kibao unene wa nusu sentimita. Hapo kwenye unene watu wengi wanaona bora liwe nene lisivunjike, sasa pambo nene ndani linachelewa kukauka, juu limeshakua gumu ndani bado bichi, ndo unaona limebinuka na kupasuka. Nusu sentimita inatosha. Kata na kikombe cha kahawa, kifuniko cha chupa, kisu, chochote. Tundu la kupitishia uzi toboa na mrija wa soda hapohapo likiwa bichi, liache nafasi ya sentimita moja kutoka ukingoni, ukisema utatoboa likishakauka utalipasua.

Kama unataka maumbo ya maana, nyota, kengele, ng'ombe, mbuyu (ndio mbuyu, sisi ni wa Dodoma), nenda kwa fundi bati wa mtaani kwako, wale wanaotengeneza majiko na makopo ya keki. Chora umbo kwenye karatasi, yeye anakata utepe wa bati jipya kwenye mabaki yake anaukunja kufuata mchoro. Mwambie upande wa juu, ule unaoshikia, aukunje mara mbili ili usikukate vidole, na hii isisitize maana akiwa na haraka anaiacha. Atakuuliza "sasa mama hiki cha nini?" ukimwambia cha kukatia biskuti atacheka, alafu atakutengenezea kizuri kuliko ulivyochora. Ukimaliza kukitumia kioshe ukikaushe palepale kisipate kutu, kitakufaa na kwenye biskuti pia, anza biskuti na kilichooshwa vizuri.

Sasa lile pambo ambalo binafsi naona ndo lenye thamani kuliko yote, kiganja cha mtoto. Nyota na kengele zinauzwa madukani tele, za plastiki zinang'aa, lakini kiganja cha mwanao akiwa na mwaka mmoja hakuna duka linalouza. Fanya duara la upana wa sentimita kama 12, laini juu bila mikunjo. Angalia kwanza mkono wa mtoto hauna mchubuko, chumvi inawasha atalia na hatakubali tena. Mtoto mkubwa mwambie atandaze vidole, alafu we ndo ubonyeze, kidole kimoja kimoja kuanzia kwenye kucha kurudi nyuma, mwisho katikati ya kiganja, maana akibonyeza mwenyewe atazamisha upande mmoja. Mtoto mchanga yeye akigusa tu kitu cha baridi anakunja ngumi, hapo hamna ujanja zaidi ya kusubiri alale. Akiwa usingizini kiganja kinalegea chenyewe, unamfungua vidole taratibu, unabonyeza, unafuta mkono na kitambaa chenye maji kabla hajauweka mdomoni. Kisha geuza duara pole pole juu ya sahani, kwa nyuma andika jina na mwaka kwa kijiti cha meno. Usiandike kwa kalamu ukisema utaandika baadae, wino unafifia, na mkishafika watoto watatu mtaanza kubishana hiki cha nani. Kila mwaka mpya tengeneza kingine ukitundike karibu na cha zamani, bibi na babu wakija wanavilinganisha hivyo kabla hata ya kula.

Kukausha ndo kazi yenyewe, na hapa jua letu linahitaji akili kidogo. Ukichukua pambo bichi ukaliweka juani saa saba mchana, uso wa juu unakauka haraka na kusinyaa wakati chini bado lina maji, ndo maana linakunjika pembe kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa bila kigingi. Siku ya kwanza weka kivulini penye upepo, barazani panafaa, juu ya chekeche au wavu ili hewa ipite chini pia, na uwe unageuza kila baada ya masaa mawili matatu. Siku ya pili peleka kwenye jua la asubuhi au la jioni. Kuanzia siku ya tatu hata jua la mchana halina shida. Kwa hewa ya Oktoba siku nne au tano mara nyingi zinatosha, yale ya viganja yanaongezewa kwa sababu ya upana. Kujua limekauka gonga na ukucha, likiwa tayari linalia kavu, na ukiligeuza rangi ya chini na juu ni moja, lenye doa la kijivu katikati bado. Wenye oveni mnaweza kuweka nyuzi 100 mpaka 120 kwa masaa mawili hadi matatu, geuza katikati, ila kwa jua tulilonalo kuchoma umeme masaa matatu naona ni kujitakia tu.

Sasa ulinzi. Vumbi la Dodoma na upepo wake mnaujua, funika na kipande cha chandarua cha zamani ukibane na mawe. Mbuzi wanapenda chumvi, hawatakuonea huruma. Kuku nao wanadonoa, na chumvi nyingi hivyo inaweza kuwaua, mbwa hivyohivyo, kwaiyo hii sio suala la kulinda mapambo tu. Yaanikwe juu ambako mifugo haifiki, na watoto waelezwe kwamba hizi zinafanana na biskuti ila sio biskuti.

Yakikauka piga msasa laini pembeni, paka rangi, za maji wanazotumia watoto wa shule zinatosha, acha zikauke usiku mzima. Alafu vanishi. Wengi wanaona vanishi ni urembo wa kung'arisha, hapana, vanishi ndo inayozuia ile chumvi isinyonye unyevu mvua zikianza. Paka mara mbili, mbele, nyuma, ukingoni na ndani ya tundu, kote, maana ukiacha sehemu moja wazi unyevu unapitia hapohapo. Nunua kopo dogo kabisa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, pakia nje au dirisha wazi, ile harufu sio ya kukaa nayo ndani. Kamba tumia ya katani au utepe wa kitenge, uzi wa kushonea unakata.

Krismasi ikipita yafunge moja moja kwenye gazeti, yapange kwenye kopo la bati au boksi gumu, weka na vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja kwenye viatu vipya, vinanyonya unyevu. Usiyafungie kwenye nailoni. Na usiyaweke chini stoo karibu na mahindi maana panya wa stoo hawachagui, unga ni unga.

Kwa wasiotaka habari za unga kuna vitu viko bure kabisa hapa kwetu. Ganda la ubuyu, lile gumu lenye manyoya kama velveti kwa nje, ukilipasua vizuri kwa msumeno linatoa vikombe viwili ambavyo ukivitoboa na kuvipaka rangi ndani ni kengele tayari. Mbegu za ubuyu watoto wakishamung'unya zioshe, zikaushe, zibandike kwa gundi ya mbao kwenye duara la kadibodi, usihangaike kuzitoboa ni ngumu mno. Vibuyu vidogo vilivyokauka choma michoro kwa msumari uliopata moto, umeshikwa na koleo. Visoda vya soda vinavalishwa kitenge. Na mti wenyewe sio lazima ule wa plastiki, tawi kavu la mgunga ukilipaka chokaa nyeupe likasimama kwenye ndoo ya mchanga linapendeza ajabu, miiba yake ndo kulabu za kutundikia, ila liwe juu ya meza mtoto anayetambaa asilifikie. Wengine wanatumia matawi ya ile miti yenye maua mekundu tunayoiita mikrismasi, mazuri ila maua yake yananyauka mapema ndani ya nyumba.

Haya, biskuti.

Vipimo vya ule unga wa msingi: unga wa ngano vikombe vitatu (kama gramu 400 hivi), siagi gramu 250, sukari kikombe kimoja, yai moja, vanila kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Beking pauda siweki, biskuti za kukata maumbo zikiumuka nyota inapoteza pembe. Kuna kitu kimoja kuhusu sukari yetu, ni ya chenga kubwa, ukiiweka hivyohivyo biskuti inatanuka kwenye trei na inakua na mchanga mdomoni, kwaiyo isage kwenye blenda au itwange kwenye kinu kikavu mpaka iwe unga unga, ndo upime. Nani kakwambia kila kitu lazima kiwe na aisingi shuga ya dukani.

Siagi isiwe imeyeyuka, iwe imelegea tu, kidole kinazama lakini haing'ai mafuta. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe nyeupe, yai na vanila, alafu unga, iliki na chumvi, changanya mpaka vishikane uache, ukikanda kama chapati zitakua ngumu za kuvunja meno. Gawa matonge mawili, yabonyeze yawe bapa, weka kwenye kopo lenye mfuniko uingize friji lisaa limoja au usiku kucha.

Hapa kwenye friji ndo ugomvi wa joto ulipo. Siagi inaanza kuyeyuka kabisa kwenye nyuzi 32 hivi, na jikoni kwenye mkaa unaowaka mchana wa Dodoma hizo nyuzi unazipita bila kujua. Utaona hivi: unasukuma, kibao kinaanza kung'aa, unga unang'ang'ania mti wa kusukumia, unaongeza unga mkavu, unang'ang'ania tena, unaongeza tena, mwisho una tonge gumu ambalo likiiva linakua kama kigae. Dawa sio unga zaidi, dawa ni ubaridi. Anza saa tatu usiku au saa kumi na moja alfajiri, Dodoma usiku unapoa vizuri hata kwenye msimu wa joto na ni faida tunayowazidi ndugu zetu wa Dar. Toa tonge moja tu, lingine libaki ndani. Sukuma katikati ya karatasi mbili za kuokea ili usiongeze unga. Ukishakata, rudisha trei nzima kwenye friji dakika kumi na tano kabla ya kuoka, hii hatua wengi wanairuka na ndo inayofanya pembe za nyota zibaki pembe.

Umeme ukikatika au friji hamna, usikate tamaa, ila toa yai, yai bichi halikai kwenye joto. Weka maji ya baridi vijiko viwili vya chakula badala yake. Kopo lenye unga liweke kwenye sufuria, zungushia gunia au khanga iliyolowa maji, weka penye upepo na uwe unalowesha tena. Hewa ikiwa kavu maji yanaondoka haraka na yanaondoka na joto, ni kazi ileile ya mtungi wa maji. Ukipata barafu za mfuko kwa jirani ndo bora zaidi, zizungushie kopo.

Kuoka. Oveni ya umeme au gesi ni nyuzi 180, dakika 10 mpaka 12, toa zikiwa na rangi pembeni tu, katikati zitaonekana laini ila zinakazana zikipoa. Wa oveni ya mkaa, mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, chini palia kidogo sana maana biskuti ni nyembamba zinaungua tako kabla uso haujaiva. Wa sufuria, chukua ile nene, weka mchanga mkavu msafi vidole viwili, ipashe moto dakika kumi na tano, weka vijiwe vitatu, trei juu yake, funika, palia mkaa juu ya mfuniko. Kwa namna zote hizi za mkaa tanguliza biskuti moja peke yake, angalia dakika ya nane, hiyo ndo itakwambia upunguze au uongeze moto, kuliko kupoteza trei nzima. Na kwa sababu nimesema usiku, tafadhali jiko la mkaa likae nje au barazani, usilivute ndani ukafunga mlango kisa mbu, ule moshi usioonekana unaua watu.

Ladha chezea. Karanga ziko tele kwetu, kaanga, menya, zitwange nusu nusu, kikombe kimoja ndani ya unga uleule na upunguze unga wa ngano robo kikombe. Zabibu kavu zikatekate ndogo, zikiwa nzima zinazuia kikatio. Unga wa mtama unaweza kuchukua nafasi ya robo ya ngano, usizidishe hapo kwani hauna ule mvuto wa ngano biskuti itabomoka. Mapambo ya juu chokoleti achana nayo, itakua tope kabla wageni hawajakaa. Mi naweka sukari ya ubuyu: sukari iliyosagwa laini kabisa kikombe kimoja, unga wa ubuyu uliochekechwa kijiko kimoja cha chakula, maji vijiko viwili ukiweka kidogo kidogo mpaka uji uwe mzito wa kudondoka taratibu. Ubuyu una uchachu wake, unakata ule utamu, na ukitaka rangi tumia ule mweupe wa asili ongezea tone la maji ya rosela. Paka biskuti zikiwa zimepoa kabisa, kwa hewa kavu ndani ya masaa machache imeganda unaweza kuzipanga.

Zikipoa zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, zile zisizo na sukari juu zinakaa hata wiki mbili bila neno. Kopo liweke juu ya sahani yenye maji kidogo, juu ya kikombe kilichopinduliwa ili lisilowe, sisimizi hawavuki. Za kupeleka Kondoa, Singida au kwa wakwe popote pale kwa basi zipange zimesimama wima zimebanana, sio kulala, katikati karatasi, nafasi inayobaki jaza karatasi iliyokunjwa mpaka ukitikisa kopo lisilie. Za ndugu wanaokuja na SGR kutoka Dar usiziweke kwenye meza wakifika tu, watazimaliza wakiwa wamesimama, toa sahani ya kwanza ya karanga uone.